Kabla Hujazima Muziki wa Kijana

Kijana akifungulia magitaa yanayounguruma, wengi wetu hapa Tukuyu hukimbilia kuzima. Sikiliza kwanza. Kundi la Kijapani la Wagakki Band, lililoanzishwa mwaka 2013, lilipiga magitaa ya namna hiyo pamoja na koto na shamisen, ala za nyuzi za mababu zao. Hata kwetu, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alishirikiana na mpiga gitaa Michael Brook katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002.

Basi kaa na mwanao, umwulize kama anazijua ngoma za Rungwe. Lakini sauti ipunguzwe: masikio yakivuma baada ya muziki, yameelemewa. Usikivu ukiharibiwa na kelele, haurudi.