Ajali ya pikipiki Alunguli: nani atalipa?

Ku Alunguli, ajali ikitokea, mabishano yanaanza: hii ni moto kubwa ao ni skuta tu? Kwa asuransi, jina hilo halina uzito. Sheria ya barabara ya 1978 inapima injini, na mpaka wake ni sentimita za ujazo 50. Lakini sheria inalazimisha asuransi kwa chombo chochote chenye kutembezwa na injini barabarani. Skuta nayo iko ndani.

Asuransi hiyo inalipa aliyegongwa. Mguu wa dereva mwenye kosa haiuangalii. Wamotari wengi hawajui hilo.

Tangu sheria ya 2015, SONAS haiko tena peke yake sokoni, ila moto nyingi zinatembea bila karatasi. Hapo mwenye kuumia anabaki na kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia: aliyeleta hasara kwa kosa lake, ailipe. Atalipa na nini? Mara nyingi pikipiki hata si yake, ni ya patro, na kifungu cha 260 kinaweza kumfikia patro naye. Kwa hiyo, mbele ya kupatana pembeni kwa pesa kidogo ya dawa, polisi waandike PV, pamoja na jina la mwenye moto.