Ndege ndogo na wingu: nani huamua safari iendelee?

KILA ndege ndogo inapoanguka Afrika Mashariki, taarifa za awali hutaja hali mbaya ya hewa, na mara nyingi mjadala huishia hapo. Maelezo hayo hayatoshi. Mvua za masika na ukungu wa milimani si vitu vya ghafla. La kuchunguzwa ni kwa nini ndege ilikuwa ndani yake.

Kwa mkazi wa Temeke au Kinondoni, ndege aina ya Cessna Caravan ni usafiri wa Zanzibar, Mafia na mbugani. Rubani anayeruka kwa kuona hutegemea ardhi na upeo wa macho, na kanuni za kimataifa kwa kawaida humtaka aone umbali wa kilomita 5 awapo chini ya futi 10,000. Akiingia winguni bila mafunzo ya kuruka kwa vyombo, sikio la ndani humdanganya: huhisi ndege imenyooka, kumbe inapinda na kushuka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wa namna hiyo. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani ndani ya sekunde 178.

Marubani wa kampuni za abiria wana mafunzo hayo. Hatari yao kubwa ni mlima usioonekana. Novemba 15, 2017, Caravan iliyotoka Kilimanjaro kwenda Seronera iligonga miinuko ya kreta ya Empakaai, Ngorongoro. Wote 11 walikufa. Juni 5, 2018, nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare. Waliokuwamo 10 walikufa, na mabaki yalipatikana siku mbili baadaye.

Hata ndege kubwa kuliko hizo haina kinga. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili. Wa kwanza kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao (jambo ambalo peke yake lingestahili makala).

Kuna shinikizo lisiloandikwa popote. Abiria aliyelipa nauli hung'aka safari ikiahirishwa, na kampuni ina ratiba na gharama za mafuta. Rubani anayegeuza ndege hubeba lawama zote, ingawa kanuni humpa kauli ya mwisho. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), inapokagua kampuni hizi, haina budi kuuliza pia ni safari ngapi ziligeuzwa kwa sababu ya hali ya hewa, na rubani alipokewaje aliporudi.