Tangi Hufukiwa, Sumu Haifukiwi

Iko desturi mbaya iliyoota mizizi katika miji yetu midogo. Kituo cha mafuta kinafungwa, pampu zinang'olewa, na tangi lililo chini ya ardhi ama linafukuliwa na kuuzwa kama chuma chakavu, ama linaachwa humo humo lioze. Kisha kokoto zinamwagwa, kiwanja kinagawiwa, maduka yanajengwa, faili linafungwa. Hakuna anayeuliza: Je, tangi lile lilivuja? Na kama lilivuja, mafuta yalikwenda wapi?

Swali hilo ni zito popote, lakini katika Wilaya ya Kyela ni zito zaidi. Kyela ni uwanda wa udongo ulioletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka milimani. Mvua ni nyingi, mafuriko ya masika si hadithi, na maji yako karibu mno na uso wa ardhi. Neema hiyo iliyotupa mpunga na kakao ndiyo hatari yetu. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ikivuja huzama udongoni hadi ikutane na maji, ikaelea juu yake. Masika maji yakipanda, nayo hupanda. Kiangazi yakishuka, nayo hushuka, ikiupaka udongo wote wa katikati. Sehemu yake nyingine, hususan benzini, huyeyuka na kusafiri pamoja na maji kuelekea visimani, mitoni na hatimaye Ziwa Nyasa.

Benzini huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 tu katika lita moja ya maji ya kunywa.

Wapo watakaosema, "Mbona hatujasikia harufu?" Ndugu, pua si kipimo. Maji yaweza kukipita kikomo hicho mara nyingi bila kunuka hata kidogo. Wapo watakaosema, "Basi yatiwe dawa." Klorini huua vijidudu, haiondoi benzini. Na wapo watakaosema kuwa uchunguzi ni gharama. Hao na watazame Thange, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Mwaka 2015 mafuta yalivuja huko kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, yakachafua mto na visima, na wananchi wakatumia miaka mingi wakidai haki yao. Hilo lilikuwa bomba kubwa lenye mwenyewe anayejulikana. Tangi lililosahauliwa litadaiwa kwa nani?

Uchunguzi wenyewe si uganga. Kwanza ni kuwauliza wafanyakazi wa zamani tangi lilikuwa wapi, mabomba yalipita wapi, na liliwekwa mafuta gani. Kama kituo kiliuza petroli ya zamani iliyotiwa risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwaka 2006, basi risasi nayo ipimwe. Pili ni kutoboa ardhi kuzunguka shimo na kuchukua sampuli za udongo kwa kila kina, zikafungwa barabara na kuwekwa kwenye baridi zisivukize. Tatu ni kuchimba visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vikipangwa kwa pembetatu, ili kujua maji yanaelekea upande gani. Visima vya wananchi wa upande huo ndivyo vipimwe kwanza. Na vipimo virudiwe masika na kiangazi, kwani kipimo cha msimu mmoja ni nusu ya ukweli.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe. Kanuni za viwango vya ubora wa udongo zilitolewa mwaka 2007. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za maji za mabonde, ikiwamo ya Ziwa Nyasa, dhamana ya kulinda vyanzo. Kinachokosekana ni afisa anayekataa kutia sahihi.

Kwa hiyo tunasema: kiwanja cha kituo cha zamani kisigawiwe, wala kisijengwe darasa au zahanati, kabla ya ripoti ya udongo na maji kuwekwa mezani na kusomwa mbele ya wananchi. Afisa ardhi aidai. Afisa afya aidai. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wanachota maji kisima cha jirani, naye aidai. Anayetia sahihi bila ripoti hiyo ajue kuwa ametia sahihi juu ya maji ya watoto wa watu.