Mlango Mmoja, Amana Nyingi



Wapenzi wasomaji wetu, juma hili tunawaandikieni kutoka Pumwani, Nairobi, juu ya jambo lililotufika wenyewe. Huenda likamfaa kila mwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani.

Madrasa yetu ina kompyuta moja kongwe. Tuliiwekea mfumo wa Linux kwa kuwa hauna malipo wala hauilemei mashine iliyochoka. Wazazi hutuandikia kwa WhatsApp, walimu wenzetu kwa Telegram, na kamati kwa barua pepe. Kijana mmoja wa Kaloleni alipotuona tunahangaika huku na huku, alituwekea Ferdium, programu ya bure inayokusanya huduma hizo zote katika dirisha moja. Ubavuni kuna safu ya alama. Ukibofya mojawapo, huduma yake hufunguka. Haichanganyi ujumbe wa huku na wa kule, bali kila huduma hukaa mahali pake. Ni mfano wa nyumba yenye vyumba vingi na mlango mmoja wa mbele.

Tuliufurahia wepesi huo, tukausahau mlango.

Siku moja tulitoka kwenda kuswali Alasiri, tukaliacha dirisha lile wazi. Mwanafunzi aliyekuja kuchapa zoezi lake akausoma ujumbe wa mama mmoja aliyetuomba tumsamehe ada, kwani biashara yake ilikuwa imeanguka. Kabla ya Magharibi, mwanawe alikuwa amekwisha kutaniwa uwanjani. Kijana yule hakuonekana chuoni kwa siku tatu.

Tulikwenda kwa mama yake kumtaka radhi. Hakutukaripia. Alisema tu, "Maalim, niliandika kwa sababu niliona haya kusema mbele za watu."

Kwa miaka mingi tumewafundisha watoto kwamba haingiwi nyumba ya watu bila kubisha hodi na kupewa idhini, na kwamba mazungumzo ya faragha ni amana. Hatukuzingatia kwamba kioo cha kompyuta nacho ni mlango. Tangu mwaka 2016, WhatsApp huufunga ujumbe kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Lakini kufuli hilo huishia mbele ya macho ya mpokeaji. Kuanzia hapo, mlinzi ni yeye.

Haya ndiyo tuliyoyarekebisha. Kwanza, Linux humwezesha kila mtumiaji kuwa na akaunti yake na nywila yake. Wanafunzi sasa wana yao, nasi tuna yetu. Pili, katika mipangilio ya Ferdium mna kufuli la nywila, nalo laweza kuwekwa lijifunge lenyewe mashine ikikaa bila kuguswa. Tatu, tumeziondoa huduma tusizozihitaji, kwani kila moja hula kumbukumbu ya mashine na huongeza kitu cha kulindwa. Nne, katika simu, WhatsApp huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti. Tunaipitia kila Ijumaa, na kifaa tusichokitambua tunakitoa papo hapo.

Mama unayeshika hesabu za chama, dada unayepokea shida za jamaa na majirani, mzigo huu ni wako pia. Anayekuandikia amekuamini wewe. Hakuwaamini wote wanaopita nyuma ya kiti chako, hata wakiwa ni wanao. Kabla hujainuka kwenda jikoni, funga.

Kijana yule alirudi, alhamdulillahi, na aliyemcheka alimwomba msamaha. Mama yake hatuandikii tena. Akiwa na jambo huja mwenyewe, akangoja barazani hadi darasa liishe na watoto watawanyike, ndipo azungumze. Nasi hatumwambii kwamba sasa tumeweka kufuli. Tunamsikiliza tu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.