Mazungumzo ya Motokaa: Maji Ndani ya Oili

Bwana mmoja wa Buruburu alitujia akiwa na huzuni nyingi. Motokaa yake ya kuchukua abiria, ambayo ndiyo inayowalipia watoto wake ada ya shule, ilikuwa imefunguliwa injini yote na kujengwa upya kwa fedha alizoweka akiba muda mrefu. Siku ya nne alichomoa kijiti cha kupimia oili akaona kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, kizito kama uji. Fundi alisema kosa ni la waliosaga silinda hedi, yaani kile kichwa cha injini. Wasagaji walisema kosa ni la fundi. Muuza vipuri naye aliapa kwamba gasketi yake haina ila. Bwana yule akabaki katikati, na injini ikabaki imekufa.

Wahenga walinena kwamba jambo usilolijua ni usiku wa giza. Katika watu wale watatu hapana hata mmoja aliyekuwa amepima lolote. Yafaa kila mwenye motokaa afahamu kwamba maji ndani ya oili ni dalili tu. Ugonjwa ni ile njia yaliyopitia. Basi itafuteni njia kwanza, ndipo mfungue, na kama hapana budi, ndipo mlaumiane.

Jambo la kwanza, zima injini. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kutenganisha chuma na chuma, na beringi mpya huharibika upesi. Ni afadhali kulipa gari la kukuvuta kuliko kujikokota katika Barabara ya Jogoo hadi nyumbani na kuharibu kazi yote.

Jambo la pili, hakikisha kwamba ugonjwa upo kweli. Katika baridi ya mwezi wa Julai, motokaa inayokwenda safari fupi, kama Umoja hadi Donholm, huweza kufanya utando mweupe chini ya kifuniko cha kutilia oili. Huo aghalabu ni mvuke tu. Ikiwa oili ya kwenye kijiti ni safi na maji ya rejeta hayapungui, usiwe na hofu. Kadhalika injini iliyooshwa wakati wa kujengwa huweza kubakiwa na maji kidogo ndani. Mwaga oili, tia mpya pamoja na filta mpya, kisha tazama kama uchafu utarudi. Lakini maji yakipungua na uji ukionekana kwenye kijiti, hapo hapana shaka tena.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni kupima kwa pampu ya rejeta. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwa digrii 95 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta huyazuia yasichemke kwa kuyaweka katika mkazo. Kwa hiyo ufa usiovuja injini ikiwa baridi huweza kuvuja ikiwa kazini, na kujaza maji na kutazama tu hakutoshi. Injini ikiwa imepoa, funga pampu, tia mkazo usiozidi ule ulioandikwa juu ya kifuniko, na ungoje nusu saa. Mshale ukishuka na nje ni kukavu, maji yanaingia ndani.

Sasa ng'oa plagi zote na uzungushe injini. Maji yakiruka kutoka tundu moja, silinda hiyo ndiyo yenye njia. Shuku gasketi au ufa. Yasipotoka, fungua sampu, tia mkazo tena, na utazame kutoka chini kwa tochi. Tone litakuonyesha mahali. Likishuka kando ya silinda ya dizeli yenye mikebe ya kubadilishwa, shuku mipira ya chini. Likitoka kwenye matundu yanayorudisha oili kutoka juu, shuku silinda hedi. Likitoka mbele, shuku kifuniko cha mbele na pampu ya maji. Tena, ikiwa injini ina kipoza oili na mafuta yanaelea katika rejeta, pima kipoza hicho kabla ya kingine chochote.

Ikiwa silinda hedi yapasa kutolewa, iwekewe rula ya chuma kupima kama imepinda, kisha ijazwe hewa ikiwa ndani ya maji ya moto ili mapovu yaonyeshe ufa. Matundu ya bolti katika bloku yakaushwe kabisa, kwa sababu maji au oili iliyobaki chini ya bolti hudanganya spana ya kupimia mkazo, na huweza hata kupasua bloku. Bolti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hesabu za kitabu cha injini hiyo.

Na yule bwana wa Buruburu? Watu wote watatu waliitwa, sampu ikafunguliwa mbele yao. Tone lilitoka mbele, nyuma ya kifuniko ambacho katika injini ile hupitisha maji. Gasketi yake ilikuwa imekunjika ilipofungwa. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hili ni langu." Alibadilisha gasketi, akamwaga oili mara mbili ili kusafisha, akatazama beringi, wala hakudai malipo. Silinda hedi waliyokuwa wakiigombania haikuguswa kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapokwenda kuchukua injini yako Kariobangi au Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, usiulize bei peke yake. Uliza vipimo, uandikiwe, na uvitunze pamoja na risiti. Fundi mwema hatachukizwa, kwani karatasi hiyo humlinda yeye pia.