Kale sio adimu, na wacheni kutuuzia ndoto

Hebu leo tuwache utani kidogo. Kila nikifungua simu nakutana na jamaa ameshika koini ya Moi, anapiga makelele: "Hii ni adimu! Usiitumie! Milioni mbili!" Chini komenti zimejaa, zote zauliza kitu kimoja: mnunuzi atapatikana wapi?

Na mimi nilikuwa mmoja wa hao jamaa.

Nilitoa video ya koini yenye tundu. Nikasema ni adimu, nikasema isuguliwe ing'ae ndio bei ipande. Tangu niwache chuo sijawahi kutoa kitu kikavuma vile. Alafu mama mmoja jirani yetu hapa Kibokoni akaja mlangoni na kopo la koini alizowachiwa na marehemu mamake. Ashazisugua zote kwa ndimu na jivu. Na ashatuma shilingi 3,500 za "usajili" kwa nambari iliyojitokeza kwenye komenti zangu. Nambari yenyewe imezimwa. Akaniuliza polepole tu: "Mwanangu, si ni wewe ulosema?"

Sikuwa na jibu. Jibu ni hili.

Neno adimu tumeliharibu. Adimu ni kitu kisichopatikana kwa urahisi. Basi. Sio kila kilichozeeka, wala sio kila chenye sura ya rais aliyekufa. Kwa wanaokusanya sarafu, koini huwa na bei kama zilizobaki ni chache kuliko watu wanaozitaka, na kama hali yake ni nzuri. Umri peke yake haukupi kitu.

Mfano ni wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1888, kampuni ya Imperial British East Africa ilitengenezesha sarafu zenye jina Mombasa, zina mizani, na maneno ya Kiingereza ya kusifu nuru na uhuru. Uhuru wa nani, hiyo ni posti ya siku nyingine. Kulikuwa na rupia za fedha, na kulikuwa na vijisarafu vya shaba vilivyoitwa pice, ndugu wa hili neno letu "pesa". Mwaka ule ule, kampuni ile ile, mji ule ule. Rupia ni ngumu kuipata. Ile ya shaba haina ugumu huo, ilitengenezwa kwa wingi. Sasa kama ni uzee tu, mbona bei hazilingani?

Tuje kwa tundu. Utaambiwa koini ya 1936 ni ya mfalme aliyekimbia kiti, Edward VIII, kwa hivyo ni mamilioni. Kisa ni cha kweli, alitawala chini ya mwaka mmoja. Waingereza wenyewe hawakupata kutumia koini yake madukani. Lakini za Afrika Mashariki, za senti 5 na senti 10 zenye jina lake, zilitengenezwa kwa mamilioni! Bibi zetu walinunulia mahamri. Mamilioni yapo kweli, lakini ni ya koini, sio ya shilingi.

Na ile herufi H mnayoambiwa ni siri? Ni alama ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. Ni kama kusoma "Made in China" nyuma ya kikombe alafu ukaitisha milioni.

Koini za Kenyatta na Moi ndio usiseme. Katiba ya 2010 ilikataza sura za watu kwenye pesa, na 2018 zikaja za twiga, kifaru, simba na ndovu. Lakini zile za zamani hazikupotea. Mpe makanga ya Moi leo uone kama hatakurudishia chenji.

Utasema: lakini si zipo koini za bei? Zipo, sikatai. Ndio maana uongo huu unaingia vizuri. Na najua kwa nini twauamini. Kodi inadaiwa, kazi hakuna, na kopo la bibi liko kabatini. Matapeli wanaijua hiyo njaa. Sisi wa kontenti ndio tunawafungulia mlango, alafu tunahesabu waliotazama.

Shika hili moja tu: katika biashara yoyote, anayenunua ndiye anayetoa pesa. Mtu akikuitisha ada, usajili au nauli ili akununulie koini yako, huyo hataki koini. Anakutaka wewe. Na usisugue chochote, mkusanyaji anataka ile rangi ya uzee.

Video nimeifuta. Zile 3,500 namrudishia mama kidogo kidogo. Koini alizosugua siwezi kumrudishia.

Kama unayo video kama yangu, ifute leo. Usingoje mtu abishe mlangoni kwako na kopo.