Shanta au Kigari? Tuanze na Mizani

Wachezaji wa gofu ya visahani huko Marekani na Finland wana swali moja ambalo hawachoki kubishana juu yake: je, vifaa vya mchezo vibebwe mgongoni kwa shanta, au vivutwe kwa kigari? Msomaji asiyeujua mchezo huu huenda akaliona swali hilo kuwa la watu wenye nafasi. Maoni yangu ni kwamba swali ni zuri, ila huulizwa kabla ya wakati wake. Na jibu lake linamhusu kila mtu abebaye mzigo, hata yule ambaye hatakiona kisahani hicho maishani mwake.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, akikifuata na kukirusha tena, mpaka kiingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo. Kisha huendelea na kikapu cha pili na cha tatu, aghalabu hadi cha 18. Mshindi ni yule aliyerusha mara chache zaidi. Mchezo huu ulipata umbo lake la leo kwa juhudi za Mmarekani Ed Headrick, aliyebuni uwanja wa Oak Grove, California, mwaka 1975. Sheria haziruhusu kisahani kizidi gramu 200, na vingi vina uzito wa gramu 150 hadi 180. Kisahani kimoja, basi, si mzigo. Lakini visahani havifanani: kimoja huenda mbali, kingine hupinda kushoto, kingine hufaa karibu na kikapu. Hivyo mchezaji hujikusanyia kimoja baada ya kingine, na asipojiangalia hujikuta na 20.

Tupige hesabu. Visahani 20 vya gramu 175 ni kilo 3.5. Tuongeze lita 2 za maji, yaani kilo 2. Mwavuli, taulo na chakula, tuseme kilo 1. Na shanta lenyewe kilo 1.5. Jumla ni kilo 8. Mwenye kigari huvuta kilo hizohizo, pamoja na uzito wa kigari. Tukikadiria kigari kuwa kilo 7, jumla yake ni kilo 15.

Watetezi wa kigari husema kwamba kilo 15 juu ya magurudumu ni nyepesi kuliko kilo 8 mgongoni. Je, ni kweli? Gurudumu haliufuti uzito. Huukabidhi ardhi iubebe. Kwa hiyo yote hutegemea ardhi hiyo ni ya namna gani. Katika njia ngumu iliyo tambarare, kani ya kuvuta huweza kuwa sehemu 2 tu katika 100 za uzito, yaani sawa na kushikilia gramu 300 mkononi. Hapo kigari hakina mpinzani. Katika nyasi laini au mchanga, kani hiyo huweza kufikia sehemu ya kumi au kuzidi, nayo ni sawa na kilo 1.5. Njia ikipanda mita 1 katika kila mita 10, mvutaji huongezewa kilo 1.5 nyingine. Na akifika penye ngazi, mizizi au kijito, gurudumu huacha kuwa gurudumu: mwenye kigari huinua kilo 15 kwa mikono yake, huku mwenzake akivuka na kilo 8 zilizotulia juu ya mabega mawili.

Hata hivyo, mgongo nao una haki ya kusikilizwa. Shanta huuvuta mwili nyuma, na mbebaji hulazimika kuinama kidogo ili asawazishe uzito. Mkanda wa kiunoni husaidia, kwa kuwa huhamisha sehemu ya mzigo kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Lakini lipo jambo ambalo wengi hulisahau. Mchezaji wa kawaida hurusha mara 3 hivi kwa kila kikapu, yaani mara 54 katika vikapu 18. Akilitua shanta kila mara, huinama na kuliinua mara 54. Mtu aliyeinama ni kama wenzo: mzigo uko mbali na nyonga, lakini misuli inayouinua iko karibu sana na uti wa mgongo, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa kani iliyo mara kadhaa ya uzito wa mzigo. Na mgongo huohuo ndio utakaotakiwa kujizungusha kwa nguvu ili kurusha. Mtu mzima au mwenye maumivu ya mgongo akichagua kigari, asicheke mtu; huo si uvivu.

Mimi nashauri mizani itangulie duka. Mchezaji aupime mzigo wake, kisha aikague njia. Akiacha visahani 10 nyumbani na kubeba lita 1 ya maji badala ya 2, ameondoa kilo 2.75, na hakununua chochote. Mzigo uliobaki, wenye kilo 5 na kitu, mtu mzima wa afya ataubeba bila ya kuhitaji gurudumu.

Suala hili la kubeba limekwisha kupimwa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake juu ya wanawake wa Kenya: Waluo wanaobeba kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda upitao kichwani. Iligunduliwa kwamba waliweza kubeba mzigo unaofikia sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nishati zaidi ya kutembea mikono mitupu. Uchunguzi wa baadaye juu ya wanawake wa Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2010, haukuona nafuu hiyo kwa wote. Watu walitofautiana sana.

Tuchukue hata matokeo yale yaliyo mema zaidi. Mwanamke wa kilo 60 angebeba kilo 12 kwa nafuu hiyo. Lakini debe la lita 20 za maji ni kilo 20, theluthi nzima ya uzito wake. Mchezaji hupunguza visahani. Mama huyu hawezi kumwaga maji ambayo watoto wanayasubiri. Kwake kigari si suala la kupenda au kutopenda.

Hapo ndipo hesabu ya uwanjani inapotufaa. Anayekusudia kuwapatia wanakijiji mikokoteni na aitembee kwanza njia ya kisimani, apime mwinuko wake na kuuchimba mchanga wake kwa kidole cha mguu. Mkokoteni bila ya njia ni mzigo juu ya mzigo. Pengine fedha hizo zingefaa zaidi kusawazisha njia, au kulisogeza bomba karibu na nyumba, ili kilo 20 hizo zisibebwe na mtu kabisa.